Gadi, Wodi na Lindo: Neno Moja la Mchezo wa Vitara na Somo Lake kwa Mfasiri wa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anayesoma tamthilia za Shakespeare hukutana, mapema au baadaye, na neno la Kiingereza 'ward' mahali ambapo maana zake za kawaida hazifai hata kidogo. Akifungua kamusi atapata wodi ya hospitali, kata ya uchaguzi, na mtoto aliye chini ya ulezi wa mahakama. Hakuna kati ya hizo inayomsaidia kumwelewa mzee Falstaff, katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, anapojigamba ndani ya nyumba ya mvinyo jinsi alivyopambana na kundi la watu usiku. Falstaff anataja 'ward' yake ya zamani, kisha anaonyesha kwa mwili jinsi alivyosimama na jinsi alivyoielekeza ncha ya upanga wake. Neno hilo hapo ni istilahi ya wapigana kwa panga. Maana yake ni mkao anaokaa mtu na silaha yake, amejikinga na yuko tayari, kabla pigo halijatoka upande wowote.

Makala haya yanakusudia mambo matatu. Kwanza, kueleza maana na asili ya istilahi hiyo, pamoja na ndugu yake 'garde' ambaye wanafunzi wetu wa ukanda huu wa Maziwa Makuu wanamfahamu kupitia Kifaransa. Pili, kuonyesha kazi inayofanywa na neno hilo katika tamthilia mbili. Tatu, kuuliza Kiswahili kiliite jambo hilo kwa neno gani. Dai letu ni kwamba mfasiri anayetosheka na neno 'ulinzi' anaipoteza nusu ya maana, na kwamba lugha yetu ina neno bora zaidi ambalo tumeliacha limesimama shambani na kwenye mageti.

Huenda msomaji akasema mchezo wenyewe si wa kwetu. Jibu ni kwamba umekwisha kutufikia. Mwaka 2022 Alexandra Ndolo, mwenye asili ya Kenya kwa upande wa baba, alishinda medali ya fedha katika mashindano ya dunia mjini Cairo akiiwakilisha Ujerumani. Baadaye alihamia upande wa Kenya, na katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika mchezo huo kwenye Olimpiki. Mtangazaji wa Kiswahili anayepewa kazi ya kutangaza pambano la namna hiyo hawezi kunyamaza kila wachezaji wanaposimama tayari. Ni lazima aseme neno.

Mizizi ya neno

Tuanze na jina la mchezo. Kiingereza huuita kwa neno lililofupishwa kutoka lile la kujihami, nalo ndilo hilo hilo lililozaa jina la ua au uzio wa boma. Kwa hiyo mwanafunzi anayedhani kwamba kichwa cha habari cha mchezo huu kinahusu ujenzi wa ua hakupotea mbali sana, maana ua na mchezo vimezaliwa na mama mmoja. Kifaransa husema 'escrime' na Kitaliano 'scherma', maneno yanayorejea kwenye mzizi wa Kijerumani cha kale wenye maana ya kukinga. Mzizi huo umo hadi leo katika neno la Kijerumani la mwavuli, 'Regenschirm', yaani kinga ya mvua. Lugha hizo zote zimeupa mchezo wa panga jina la kujihami. Kiswahili, kinaposema 'mchezo wa vitara', kimeuita kwa jina la silaha. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inatuonya mapema kwamba wazo la kujihami, ambalo kwa wenzetu limo ndani ya jina la mchezo wenyewe, kwetu itabidi lielezwe kwa neno jingine.

Sasa tuje kwenye 'ward' na 'garde'. Haya ni neno moja lililopita njia mbili. Lugha za Kijerumani za kale zilikuwa na mzizi uliobeba wazo la kutazama kwa makini na kuwa macho. Huko Uingereza mzizi huo ulibaki na sauti yake ya mwanzo, ukatoa 'ward'. Wafranki nao waliuingiza katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Wenyeji, waliokuwa wakizungumza Kilatini cha mitaani, hawakuzoea kuanza neno kwa sauti hiyo ya 'w', wakaitangulizia 'g'. Ndipo yakapatikana 'garder' na 'garde' ya Kifaransa, na 'guardia' ya Kitaliano. Ushahidi kwamba maana ya msingi ni kutazama umo katika Kitaliano cha leo, ambamo 'guardare' ni kutazama tu, hata kama ni kutazama televisheni. Baadaye Kiingereza kilikopa kutoka Kifaransa kile ambacho tayari kilikuwa nacho, kikawa na ndugu wawili nyumbani, yaani 'ward' na 'guard'.

Kiswahili nacho kimewapokea wote wawili bila kuwatambua kuwa ni ndugu. 'Gadi' ni mlinzi, au yule mtumishi wa garimoshi. 'Wodi' ni chumba cha wagonjwa, na nchini Kenya 'wadi' ni eneo dogo la uchaguzi ambalo Tanzania huliita kata. (Gadi ya mabaharia, yaani mti wa kuegemeza chombo kisianguke kikiwa pwani kavu, ni neno jingine kabisa.) Mgonjwa aliyelala wodini na askari aliyesimama mlangoni wanaitwa kwa mzizi mmoja, kwa sababu mmoja anatazamwa na mwingine anatazama. Wanafunzi wetu wanaotoka Bujumbura, Bukavu au Kigali wana mfano mwingine ulio karibu zaidi. Duka la dawa linalobaki wazi usiku huitwa kwa Kifaransa 'pharmacie de garde', nasi kwa Kiswahili tunasema duka la dawa la zamu.

Hiyo 'zamu' inastahili kusimamishwa kidogo. Katika Kiswahili sanifu, zamu ni nafasi ya mtu katika kupokezana kazi au ulinzi. Ilipoingia katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, neno hilo likageuka kuwa jina la mtu mwenyewe: zamu ni mlinzi wa usiku. Kinyarwanda kikaliongezea kiambishi chake, na leo 'umuzamu' ni mlinzi wa nyumba na pia ni mlinda mlango wa timu ya mpira. Hapa tunaona kwa macho yetu mwendo uleule uliotokea Ulaya. Neno linaanza na tendo la kukaa macho, linahamia kwa mtu anayelitenda, kisha linahamia kwenye mahali au mkao wa kulitenda. Kiingereza na Kifaransa huruhusu neno moja kubeba yote. Kiswahili, kwa tabia ya ngeli zake, hukataa: mlinzi ni mtu, ulinzi ni hali, lindo ni mahali. Mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuchagua mahali ambapo mwandishi wa Kiingereza hakulazimika.

Maana yake katika vitabu vya mabingwa

Kitabu cha kale zaidi kinachojulikana cha kufundisha mapigano ya upanga kiliandikwa kwa Kilatini katika nchi za Wajerumani kiasi cha mwaka 1300, na leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya silaha ya Royal Armouries mjini Leeds, Uingereza. Kinafundisha upanga na ngao ndogo, na kinaanza kwa kuorodhesha mikao saba, ambayo kila mmoja unaitwa 'custodia', yaani ulinzi. Mkao wa kwanza ni chini ya kwapa, wa pili bega la kulia, wa tatu bega la kushoto, wa nne juu ya kichwa, na kadhalika. Mkao unatajwa kwa mahali upanga unapokaa juu ya mwili.

Miaka mia moja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 15, bingwa wa Kitaliano Fiore dei Liberi aliipa mikao majina ya picha: lango la chuma, jino la ngiri, dirisha, mkia mrefu, mkao wa bibi. Mabingwa wa Kijerumani waliofuata mafundisho ya Liechtenauer walikuwa na mikao minne mikuu. Mmoja ni 'Ochs', maksai, kwa sababu upanga unashikwa kando ya kichwa na ncha inatazama mbele kama pembe. Mwingine ni 'Pflug', plau, kwa kuwa mpini uko chini karibu na nyonga na ncha inapanda mbele. Wa tatu ni 'Alber', mpumbavu, ambao ncha inaelekezwa ardhini kana kwamba mwenye upanga amejisahau. Wa nne, 'vom Tag', wataalamu hujadili kama maana yake ni kutoka mchana au kutoka darini. Kila mmoja wetu aliyewahi kuona plau ikikokotwa na ng'ombe anaweza kuukaa mkao wa pili bila mwalimu.

Fiore anatufaa kwa jambo jingine kubwa zaidi. Anatumia maneno mawili kwa kitu kimoja, 'guardia' na 'posta', na anaeleza tofauti yake. Kwa upande wa 'guardia', mtu anajilinda na mapigo ya adui. Kwa upande wa 'posta', mtu anajiweka mahali ambapo anaweza kumpiga adui bila yeye mwenyewe kuhatarika. Tusisahau kwamba 'posta' hiyo na posta yetu ya barua zina asili moja katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuweka, kwani posta za mwanzo zilikuwa vituo vilivyowekwa njiani kwa ajili ya farasi wa wajumbe. Maelezo ya Fiore yanabomoa tafsiri ya harakaharaka. Mkao huu una nyuso mbili kwa wakati mmoja. Anayeuita 'kujihami' amesema kweli, lakini hakusema yote. Wahenga walikwisha kulijua hilo waliposema simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kutoka picha hadi namba

Mwaka 1553 kulichapishwa Roma kitabu cha Camillo Agrippa, mtu wa Milano aliyekuwa mhandisi na mpenzi wa jiometri, si mwalimu wa panga kwa kazi. Agrippa aliyaweka kando majina ya ngiri na malango, akabakiza mikao minne aliyoiita 'prima', 'seconda', 'terza' na 'quarta': ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Majina ya namba yanayotumika katika mchezo huu hadi leo yanatoka katika njia hiyo.

Wengi hudhani namba hizo ziliwekwa kiholela. Sivyo, na mwalimu anaweza kulithibitisha darasani kwa kalamu tu. Upanga huning'inia nyongani kushoto. Mtu anayeuchomoa kwa mkono wa kulia na kuuelekeza kwa adui hujikuta mkono uko juu, kidole gumba kinatazama chini na kiganja kinatazama nje. Huo ndio mkao wa kwanza, kwa sababu ndio wa kwanza kupatikana upanga ukitoka alani. Geuza mkono robo mzunguko, kiganja kitazame chini: huo ni wa pili. Geuza tena robo, kidole gumba kiwe juu: wa tatu. Geuza mara ya mwisho, kiganja kitazame mbinguni: wa nne. Namba zinafuata mzunguko wa kifundo cha mkono.

Hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kifaransa hakina. 'Prime' kwa Mfaransa wa leo ni neno la kale la namba, limebaki katika vitabu tu. Kwetu 'kwanza' bado linaonyesha wazi kitenzi 'kuanza' ndani yake. Tukisema 'mkao wa kwanza', tumesema pia mkao wa kuanzia, na hiyo ndiyo sababu halisi ya jina.

Lakini namba zina udhaifu wake. Shule za Ufaransa ziliongeza mikao mingine hadi ikafika minane, kutoka 'prime' hadi 'octave', na ile ya baadaye haikuweza kufuata tena mpango wa mzunguko wa mkono. Matokeo yake ni kwamba jina halimfundishi mtu kitu. 'Quinte', yaani ya tano, katika silaha iitwayo sabre ni kinga ya kichwa, upanga ukiwa umelazwa juu ya paji. Katika fleuret, 'quinte' ni mkao mwingine kabisa. Lango la chuma haliwezi kuhama kutoka miguuni hadi kichwani bila watu kushangaa, ila namba inaweza. Tunaounda istilahi tulikumbuke hilo: namba ni fupi na nadhifu, lakini haikumbushi chochote kwa mtu ambaye hajafundishwa.

Pia tuelewe kwamba mchezo wa leo unatumia namba hizohizo kwa mambo mawili, yaani mkao ambao mchezaji anangojea ndani yake, na tendo la kulisukuma kando pigo linalokuja. Refa anapotamka 'En garde!' kwa Kifaransa, ambayo ndiyo lugha ya sheria za mchezo huu duniani, anawataka wachezaji wakae kwenye mkao. Hajawaambia wamzuie yeyote. Kwa kawaida mwenye fleuret atakaa katika 'sixte' na mwenye sabre katika 'tierce'. Tendo la kuzuia litakuja baadaye, au halitakuja kabisa.

Falstaff na Cressida

Miaka ya 1590 London ilikuwa imejaa mjadala kuhusu panga. Kitabu cha Mtaliano Giacomo di Grassi, kilichotoka mwaka 1570, kilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1594. Mtaliano mwingine, Vincentio Saviolo, alichapisha cha kwake London mwaka 1595. George Silver, Mwingereza aliyewachukia walimu hao wa kigeni, akawajibu kwa kitabu mwaka 1599. Mfasiri wa di Grassi alipofika kwenye 'guardia' hakulibeba neno la Kitaliano kama lilivyo. Aliandika 'ward', akataja tatu: ya juu, ya pana na ya chini. Alichagua neno lililokuwa tayari midomoni mwa watu, neno la walinzi wa usiku, la mitaa ya mji na la watoto yatima wenye mali. Kwa sababu hiyo neno lilipopanda jukwaani lilipanda na ukoo wake wote.

Turudi kwa Falstaff. Hadhira inajua tayari kwamba yeye na wenzake waliwaibia wasafiri, na kwamba mwanamfalme Hal na rafiki yake Poins, wakiwa wamejificha sura, wakawapokonya mali ile bila shida. Falstaff alikimbia. Sasa anasimulia mbele ya haohao wawili. Anaanza na watu wawili, na mara tu baada ya kuutaja mkao wake na kuuonyesha kwa mwili, wale wawili wanakuwa wanne. Kisha saba. Kisha tisa. Kisha kumi na mmoja. Uongo unaanza kukua mahali hasa ambapo neno la kujilinda linatamkwa. Hilo halikutokea kwa bahati. Mkao wa upanga ni jambo linaloonekana. Falstaff anatoa ushahidi wa mwili kwa tukio ambalo halikutokea, na mwili wenyewe, mnene, mzee, unahema, unakanusha ushahidi huo mbele ya macho yetu. Kuna kejeli ya pili. Mkao wa kungojea adui unadaiwa na mtu ambaye hakungojea hata nukta moja.

Mfasiri akiandika hapo kwamba Falstaff anataja 'ulinzi' wake, mwigizaji atabaki mikono imening'inia. Ulinzi hauna umbo. Akiandika 'ustadi' wake, ameeleza sifa, hajaweka tendo. Maneno yanayofuata, ya jinsi alivyosimama na ncha ilivyoelekea, yatakosa kitu cha kuegemea. Neno linalotakiwa hapa ni lile linaloweza kukaliwa na mwili.

Katika Troilus and Cressida kazi ni ngumu zaidi. Pandarus anamlalamikia Cressida kwamba mtu hawezi kujua yuko katika mkao gani wa kujilinda. Cressida anamjibu kwa orodha. Analala chali kulinda tumbo, anatumia akili kulinda hila zake, usiri kulinda heshima, barakoa kulinda uzuri, na huyo Pandarus mwenyewe kuyalinda yote hayo. Mwishoni anasema yuko katika mikao hiyo yote, pamoja na makesha elfu moja. Mchezo wa maneno uko hapo. Neno la upanga limegeuka kuwa neno la zamu ya usiku, kwa kuwa katika Kiingereza cha wakati ule kukesha na kulinda ni maneno yaliyotembea pamoja. Wahakiki wengi huiona sehemu hii kuwa mzaha wa chumbani tu. Mzaha upo. Hata hivyo orodha ile inamwonyesha msichana asiye na baba mjini, maana baba yake amehamia upande wa Wagiriki, na ambaye mlinzi wake wa mwisho ni mjomba anayetaka kumkabidhi kwa mwanamume. Anapomtaja Pandarus kuwa kinga ya kinga zote, mlango wa boma umekabidhiwa kwa mwizi. Mikao yote ya Cressida ina tundu moja, naye analijua.

Tafsiri inayotaka kuubeba uzito huo inahitaji neno la Kiswahili linaloweza kusimama katika upanga na katika kesha. 'Gadi' halifai. Masikioni mwetu gadi ni mtu aliyevaa sare, ana rungu na tochi. 'Mkao wa sita' hautafaa pia, kwa kuwa namba haikeshi.

Kiswahili kiseme nini?

Tuyapime maneno manne yaliyopo.

'Kinga' ni neno zuri na fupi. Vijana wa Lamu na Pemba wanaocheza kirumbizi hukinga fimbo kwa fimbo, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Lakini hilo ni tendo la kuzuia pigo. Kwa hiyo tuliache 'kinga' litumike kwa lile tendo la kusukuma upanga wa mwenzio, na tusilitumie kwa mkao wa kungojea. Tukilipa kazi zote mbili tutaurudisha ule utata wa namba tuliouona.

'Ulinzi' ni hali ya jumla. Linafaa kwa nchi, kwa benki na kwa timu ya mpira. Halimwambii mtu aweke mguu wapi.

'Mkao' lina mwili ndani yake, na ndiyo nguvu yake. Mtangazaji anaweza kusema 'wamekaa mkao wa tatu' na akaeleweka. Upungufu wake ni kwamba halina tahadhari. Kuna mkao wa kula pia.

La nne ni 'lindo'. Lindo ni mahali pa mlinzi, iwe ni dungu la kufukuzia ndege shambani au kibanda cha askari getini. Askari akiwa kazini tunasema yuko lindoni. Neno hili lina umbo, kwa kuwa ni mahali pa kukaa. Lina kukesha, kwa kuwa hakuna lindo la mtu aliyelala. Lina pia vitisho vyake, maana aliye lindoni ana kombeo au bunduki, naye hakuwekwa pale apigwe tu. Nyuso mbili za Fiore zimo ndani yake.

Zaidi ya hayo, liko jambo ambalo wanafunzi wetu wa ukanda huu wanaweza kulithibitisha kwa lugha za nyumbani kwao. 'Kulinda' ya Kiswahili ina ndugu katika Luganda, 'okulinda', ambayo maana yake ni kungojea. Kirundi kina 'kurinda' kwa kulinda na 'kurindira' kwa kungojea. Mzizi mmoja wa Kibantu umebeba kulinda na kungojea, kama vile mzizi wa Kijerumani uliozaa 'ward' ulivyozaa pia 'warten', yaani kungojea. Watu wa mbali sana, bila kuulizana, waliona kwamba anayelinda anangoja. Mkao wa upanga ni huohuo: kungoja ukiwa macho, silaha mkononi.

Pingamizi moja ni la haki. Lindo ni mahali palipo imara, ilhali mpigana kwa upanga hutembea na mkao wake. Tunajibu kwamba 'posta' ya Fiore nayo ilikuwa neno la mahali, na 'garde' imekuwa mtu, zamu na mkao bila kuvunjika. Maana hupanuka zikipewa matumizi. Tukiandika kwamba mzee alisimama katika lindo lake la siku zote, ncha ya upanga ikimtazama adui, hakuna msomaji atakayetafuta dungu. Naye Cressida wa Kiswahili ataweza kusema ana malindo mengi na kwamba katika yote hukesha, na upanga na usiku vitakutana katika neno moja.

Hatusemi kwamba neno moja litoshe kila uwanja. Kwa mtangazaji wa michezo, 'mkao wa kwanza' hadi 'mkao wa nane' ni njia nyepesi na inayolingana na sheria za kimataifa. Kwa tendo la kuzuia, 'kinga'. Kwa jukwaa na kwa fasihi, 'lindo'.

Hitimisho

Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Julius Caezar mwaka 1963, na Samuel Mushi alipotoa Makbeth mwaka 1968, Kiswahili kimekwisha kuonyesha kwamba kinaweza kusimama jukwaani na Shakespeare. Kazi iliyobaki si ya maneno makubwa ya wafalme. Ni ya maneno madogo ya kazi na michezo, yale ambayo kamusi hutupa maana zake tano na kuiacha ya sita. Mfasiri wa mwaka 1594 aliyeandika 'ward' alitufundisha kwamba istilahi inayochukuliwa kutoka midomoni mwa watu inaweza kuingia katika utani, katika uongo wa mlevi na katika hofu ya msichana. Istilahi iliyokopwa ikabaki na sura ya ugeni huishia kwenye ukumbi wa mazoezi.

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi moja. Wapeni wanafunzi kalamu, wakae mikao minne ya Agrippa, kisha waulizeni kila mmoja neno la lugha ya nyumbani kwao kwa mtu anayelinda, kwa mahali anapokaa, na kwa kungojea. Andikeni majibu ubaoni kwa safu tatu. Mjadala kuhusu 'lindo' uko wazi, na kurasa za jarida hili zinawakaribisha watakaotuunga mkono pamoja na watakaotupinga.